Muuaji Asipojulikana



Tumefikiwa na suala moja kutoka kwa akina mama wa Utange na Mwembelegeza, nalo limekuja kwa sura tatu. Mmoja aliuliza kama yajuzu, wa pili aliuliza kama yawadhuru watoto, na wa tatu hakuuliza kitu, alilalamika tu kwamba nyumbani kwake hawalali. Suala lenyewe ni vile vipindi vya runinga, dokumentari kama wanavyoziita vijana, vinavyosimulia mauaji ya kweli ambayo hadi leo hayajatanzuliwa. Baada ya Isha sahani huoshwa, king'amuzi huwashwa, na nyumba nzima huketi kimya. Sehemu ya kwanza huanza kwa sauti nzito ya msimulizi; ya pili humleta mtuhumiwa; ya tatu humwachilia; ya nne huishia penye swali. Asubuhi yake mabinti wakichambua mchicha, kesi husikizwa upya jikoni, na hukumu hupitishwa kabla nazi haijakunwa.

La watoto tulijibu kwa ufupi: mtoto asiyeweza kwenda msalani peke yake usiku kwa sababu ya alichokiona saa tatu, huyo hakupaswa kukiona. Mzazi ndiye mwenye rimoti. Lakini la watu wazima lataka tulikalie kitako.

Hatutaki kuanza kwa kukemea. Kiu ya kumjua aliyeua si kiu ya upotovu. Sura iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu imeitwa kwa jina la ng'ombe, na ng'ombe yule aliingia katika kisa kwa sababu ya maiti. Mtu aliuawa miongoni mwa Wana wa Israili, muuaji asijulikane, watu wakawa wanatupiana lawama. Sote tangu chuoni twakumbuka rangi ya manjano ya ng'ombe yule na maswali yasiyokwisha ya wale walioamrishwa kumchinja. Aghalabu twasahau kwamba muda wote walipokuwa wakiuliza ni wa umri gani na wa rangi gani, palikuwa na damu inangoja. Wafasiri wengi wamesimulia kwamba aliyeua alikuwa jamaa wa maiti, naye alitamani mirathi. Basi kutaka siri ya damu ifichuke ni jambo lenye asili, wala mama anayekodoa macho mbele ya runinga asijione ametoka nje ya dini. Swali letu ni jingine: je, kile kipindi kinatufundisha kuitazama vipi damu ya mtu?

Chukueni kisa mashuhuri kuliko vyote. Mwaka 1888, katika kitongoji cha Whitechapel, London, waliuawa wanawake watano ndani ya miezi michache. Mulize mtu yeyote mwenye kupenda vipindi hivi, atakutajia lakabu ya muuaji bila kufikiri: Jack the Ripper. Kisha mulize majina ya waliouawa. Walikuwa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, na watatu miongoni mwao walikuwa wamezaa watoto. Zaidi ya miaka 130 watu wamekuwa wakibuni muuaji alikuwa nani, mara daktari, mara mchoraji, mara mtu wa nasaba ya kifalme, na watalii hutembezwa usiku katika vichochoro vile kwa kulipia. Ilibidi ifike mwaka 2019 ndipo mwanahistoria mmoja, Hallie Rubenhold, akaandika kitabu kizima juu ya maisha ya wale watano, akimwacha muuaji kando. Hebu fikirini: aliyechinja amepata umaarufu, na waliochinjwa wamekuwa nambari.

Ziko kesi zisizotanzuliwa ambazo mtu aweza kuzitazama kama kitendawili na asimdhulumu yeyote. Novemba 1971 mtu aliyejiita Dan Cooper aliteka ndege huko Marekani, akadai dola 200,000, akapewa, abiria wote wakashuka salama, kisha usiku akaruka kwa mwavuli ndege ikiwa angani, na hadi leo hakujulikana ni nani wala aliangukia wapi. Hapo mwaweza kubishana hadi alfajiri. Penye maiti, mambo ni mengine.

Sisi wa Kenya tuna zetu. Dkt. Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, na siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba mwili wake, uliopigwa risasi na kuchomwa moto, umepatikana karibu na kilima cha Got Alila. Wakaletwa wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon. Ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, ushahidi ukawa unasomwa magazetini kila siku kama riwaya, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja tume kabla haijamaliza kazi yake. Mkuu wa wilaya mmoja alishtakiwa, na mwaka 1994 mahakama ikamwachilia; kwa ajili hiyo hatumtaji hapa jina, ijapokuwa vipindi vyamtaja mpaka leo. Mwaka 2003 Bunge nalo likaunda kamati yake. Tume, kesi na kamati, vyote vimepita, na hapana aliyepatikana na hatia. Mjane wake, Christabel, alifariki mwaka 2020, miaka 30 baada ya usiku ule, na serikali ya nchi yake haijamwambia ni nani aliyemwua mumewe.

Kisa cha pili ni cha Julie Ward, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 28, aliyeuawa Maasai Mara mwezi Septemba 1988. Kwanza ilisemwa kwamba ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, hakukubali, maana mabaki yaliyopatikana yalikuwa yamechomwa moto na mfupa umekatwa kwa kitu chenye makali, na simba hashiki panga wala hawashi kiberiti. Ikaja kubainika kwamba maneno ya ripoti ya daktari aliyechunguza maiti yalibadilishwa na mkubwa wake, ili kilichokatwa kionekane kimepasuka. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa wakaachiliwa mwaka 1992. Mkuu wa walinzi akashtakiwa naye akaachiliwa mwaka 1999. Mzee yule, aliyekuwa mfanyabiashara wa mahoteli, alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara 100 kwa gharama zake. Alifariki mwaka 2023 bila jibu. Tunapokitazama kisa hiki twamhurumia, na inafaa tumhurumie. Lakini na tujiulize pia, ni mzazi gani wa Kisauni awezaye kulipa nauli ya matatu kwenda kituo cha polisi mara 100, sembuse tiketi ya ndege?

Hapa ndipo tunapotaka kuwakumbusha kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, ambacho kwa maoni yetu ndicho kinachopaswa kukaa karibu na runinga. Abdullahi bin Sahl, Mwanswari wa Madina, alikwenda Khaybar pamoja na binamu yake Muhayyisa. Wakaachana kwa shughuli zao. Muhayyisa aliporudi akamkuta mwenziwe amelala katika damu yake. Akamzika, akarejea Madina, na jamaa wa maiti wakaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Nduguye maiti, aliyekuwa mdogo kwa umri, akataka kusema kwanza, akaambiwa amwachie mkubwa. Wakataja wanaowashuku. Mtume akawauliza: je, wako tayari kuapa viapo hamsini juu ya mtu, wapate haki ya damu ya jamaa yao? Wakajibu kwamba hawawezi kuapa juu ya jambo ambalo hawakulishuhudia. Wakaambiwa basi wenyeji wa Khaybar waape viapo hamsini kujitoa. Nacho hicho hawakukiridhia, kwa kuwa hawakuwaamini. Mtume hakuiacha damu ile ipotee bure, akalipa yeye dia ya ngamia mia moja.

Tazameni mambo mawili humo. La kwanza ni hao jamaa. Walikuwa na uchungu, walikuwa na wanaowashuku, na walikuwa wamepewa mlango wa kisheria wa kuapa; hata hivyo walisema: hatukuona, hatuapi. Sisi nasi, tuliolala Utange salama, tusiokuwa na damu wala nasaba na aliyeuawa, tunaapa ifikapo sehemu ya pili. "Ni mume, uso wake tu waonyesha." "Ni yule mpishi, mbona anapepesa macho?" Wallahi tumeyasikia haya kwa masikio yetu wenyewe kwenye barza za watu wenye elimu. Kila aliyeachiliwa na mahakama huhukumiwa tena katika sebule elfu moja, na hana wa kumkatia rufaa. Surat Hujurati imekataza dhana na kupekuapekua mambo ya watu, nasi twadhani kwa kuwa mtu yuko Ulaya au Marekani basi heshima yake ni halali kutafunwa na popo.

La pili, nalo ndilo lililotufanya tuandike safu hii, ni wale ngamia mia moja. Kipindi cha runinga husema: muuaji hakujulikana, basi kisa kimekwisha, tukutane wiki ijayo. Kisa cha Khaybar chasema kinyume chake. Muuaji hakujulikana, kwa hiyo deni limehama. Halikufutika; limetoka shingoni mwa muuaji asiyejulikana likawekwa juu ya wenye mamlaka na jamii nzima, mpaka waliofiwa wapate kitu cha kuwasimamisha.

Na deni hilo halihitaji kutafutwa mbali. Barabara ya Malindi, tunayoipanda matatu kila siku kwenda mjini na kurudi, ina mahali ambapo wakubwa wetu hunyamaza gari likipita. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi upande wa Bamburi, akiwa garini na mkewe na jamaa zake. Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Ismail aliuawa pamoja na wenzake watatu, wakiwa garini vilevile. Tarehe 1 Aprili 2014 Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, aliuawa nje ya mahakama ya Shanzu, mwendo mfupi kutoka hapa kwetu. Na tarehe 10 Juni mwaka huohuo, ng'ambo ya kivuko, Likoni, akauawa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Wasomaji wetu wajua vizuri kwamba watu hawa hawakuwa wa kauli moja. Wawili kati yao walikuwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, na wengi miongoni mwetu hatukukubaliana na mahubiri yao. Sheikh Idris alipingana nao hadharani. Waliotofautiana kwa maneno wamekutana katika jambo moja: hapana hata mmoja ambaye muuaji wake amehukumiwa.

Baadhi ya hayo nayo yamekuwa vipindi vya runinga. Desemba 2014 Al Jazeera ilirusha kipindi kilichodai kwamba maafisa wa usalama ndio waliohusika na mauaji ya aina hii, serikali ilikana. Kabla ya hapo, nyumba nyingi za pwani zilikuwa zikingoja kwa hamu Jicho Pevu ya KTN, iliyoendeshwa kwa Kiswahili na Mohammed Ali, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nyali. Hatuvitaji kwa kuvilaumu. Kazi ya kuchimbua yana faida yake, na ushahidi upo. Agnes Wanjiru, mama kijana wa umri wa miaka 21, alitoweka Nanyuki usiku wa kuamkia Aprili 2012, na mwili wake ukapatikana miezi miwili baadaye katika shimo la maji machafu la hoteli. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo chake alikata kauli kwamba ameuawa, na kwamba waliomwua ni askari wa Uingereza. Jalada likalala hadi Oktoba 2021, gazeti la Sunday Times lilipofichua yaliyokuwa yakizungumzwa na askari wenyewe. Uchunguzi ukafunguliwa upya, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza. Mtoto aliyeachwa mchanga alikuwa tayari ni msichana wa miaka kumi na mitatu. Basi mwandishi mwenye subira aweza kufanya ambalo kituo cha polisi kimeshindwa. Tofauti yake na wale wa muziki wa kutisha waweza kuipima mwenyewe kwa kuuliza: kipindi kikiisha, nimemjua zaidi aliyeuawa na watu wake, au nimemjua zaidi aliyeua?

Lakini waliouawa barabarani angalau walizikwa. Iko hali iliyo nzito kuliko hiyo, nayo ndiyo iliyo nyingi pwani na isiyo na kipindi. Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti juu ya mauaji na kutoweka kwa watu katika pwani ya Kenya tangu mwaka 2012, na ndani yake mlikuwa na visa 81. Zaidi ya ishirini kati yao ni watu waliotoweka tu. Walichukuliwa, au walitoka, au walionekana mara ya mwisho mahali fulani, kisha basi. Kila mmoja wao ana mama, na wengi wana wake.

Tunamjua mama mmoja ambaye hatutautaja mtaa wake. Mumewe alitoka kwenda kuswali Magharibi. Hakurudi. Mwaka wa kwanza alikuwa akimwekea chakula. Sasa ni miaka mingi, na hajui avae nini wala aseme nini. Hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba amefiwa. Hakuachwa. Wachumba hawamkaribii kwa kuwa ni mke wa mtu, na ndugu wa mume hawagawi nyumba kwa kuwa hakuna mirathi ya aliye hai. Panapokuwa na hitma na karatasi ya majina ya marehemu ikipitishwa, yeye huishika kidogo kisha humpa wa pili yake bila kuandika. Akiomba dua hajui amwombee mumewe rehema au amwombee salama, kwa hiyo huomba zote mbili.

Na majirani? Majirani wametazama vipindi vingi. Wamemwuliza kama mumewe alikuwa na simu ya pili. Wamemwuliza kama alikuwa na mke mwingine Tanga. Wamenong'ona kwamba mtu hachukuliwi bure, lazima lipo alilolifanya. Mwingine alimwuliza, mbele ya watoto, kama aliwahi kuona pesa asizozijua zilikotoka. Tabia ile ya kukaa kitini na kupanga ushahidi, tunayoifanya juu ya watu wa California, imetoka sebuleni ikavuka uchochoro hadi mlangoni kwa mwanamke mwenye msiba usiokuwa na jina. Hilo ndilo dhara tunaloliogopa, kuliko usingizi wa usiku mmoja.

Wanavyuoni hawakumwacha mwanamke huyu bila mlango. Aliyetoweka, asijulikane yu hai au amekufa, huitwa mafquud katika vitabu vya fiqhi, na mlango wake ni mrefu. Imepokewa hukumu ya Sayyidna Umar kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa. Imamu Malik aliishika kauli hiyo. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu, aliisema katika kauli yake ya kale. Katika kauli yake mpya akasema mke angoje mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka. Ndiyo maana hatutoi fatwa katika safu hii, wala msichukue fatwa kwa shoga yenu. Kadhi anayo mamlaka ya kulitazama jambo lenyewe, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imempa kazi ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali mahakama yake. Kadhi pia huweza kusikiza dai la kuvunja ndoa kwa sababu ya kukosa masurufu, na wako wanawake ambao mlango huu ndio uliowafaa kuliko kungoja.

Upande wa sheria za nchi hesabu ni nyingine. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, yasema kwamba mtu asiyesikikana kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangelimsikia, huchukuliwa kuwa amekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo ndipo mahakama yaweza kutoa amri, na kwa amri hiyo cheti kikatafutwa, na kwa cheti kiwanja, akaunti ya benki na mafao ya kazini vikaguswa. Miaka saba si haba kwa mwenye watoto wa shule, na katika miaka hiyo yote ngamia mia moja hawaji wenyewe. Karo, unga, kodi ya chumba: hivyo ndivyo dia ya siku hizi, na sisi jamaa na majirani ndio wa kwanza kuidaiwa. Twasema hivi tukijua kwamba misikiti kadhaa ya Kisauni ina mfuko wa wajane. Mke wa aliyetoweka haingii humo kwa sababu hana cheti cha mumewe. Wazee wa kamati, tafadhalini, litazameni hilo.

Jambo moja zaidi, nalo twajua si wote watalifurahia. Ada yetu ni kuharakisha mazishi, na ni ada njema yenye dalili. Lakini maiti aliyeuawa na muuaji asiyejulikana ana ushahidi mwilini mwake, na tukimzika baada ya saa mbili bila daktari kumwona, tumemzika pamoja na nusu ya kesi yake. Walioharibu ripoti ya Julie Ward walilazimika kufuta maneno. Sisi mara nyingine hatuachi hata neno la kufutwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka, katika kikao chake cha mwaka 1987, liliruhusu uchunguzi wa maiti kwa dharura, na miongoni mwa dharura hizo likataja kujua sababu ya kifo panaposhukiwa jinai. Likaweka na masharti: isizidi haja, maiti wa kike achunguzwe na daktari wa kike ila asipopatikana, na kila kilichotolewa kizikwe. Familia ina haki ya kumtaka daktari wake awepo. Ndugu mwenye akili timamu atakayesimama hospitali na kusema "subirini kwanza" asitukanwe kwamba hana dini.

Tumeulizwa pia ni nini hasa cha kufanya siku ya kwanza, mtu anapokosekana. Nendeni kituo cha polisi siku hiyohiyo, si lazima mngoje saa ishirini na nne. Mwende wawili, na mmoja wenu awe na kalamu. Semeni nguo alizovaa, saa aliyotoka, nani alimwona mwisho, gari lilikuwa la rangi gani. Hospitali ya Makadara, ambayo siku hizi ni Coast General, na chumba chake cha maiti, vitembelewe na mwanamume mmoja mwenye moyo, asipelekwe mama. Msiandike jina la mnayemshuku katika kundi la simu la mtaa. Na msitoke kituoni bila nambari ya OB, kwa sababu ile miaka saba ya mahakamani na ile minne ya vitabuni, mtu akiulizwa ilianza lini, jibu litakuwa ni tarehe iliyo mbele ya nambari hiyo. Iandikeni mahali pawili: ndani ya jalada la kitabu kisichoazimwa, na kwenye karatasi atakayoiweka mtu asiyekaa nyumba hiyo.